Mchezo Uliouacha Bila Mwisho

Mama Hilda,

Sisi huku Sparkhill wazima. Kukuuliza wewe hali yako nitaonekana nimechanganyikiwa, kwa hiyo hapo naruka, naingia moja kwa moja kwenye habari. Ni nyingi, na baadhi zitakuudhi, lakini mwenyewe ulizoea kuniambia nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nyumba yako ya Moseley ina kibao cha kuuzwa pale mlangoni. Waridi zako, kaka yako Arthur amezikata mpaka zimebaki vijiti. Anasema ndivyo zinavyotakiwa kukatwa. Mimi sijui waridi, nimenyamaza. Kiti chako cha mbao kimehamia kanisani kwetu na mchungaji anakikalia utadhani katawazwa. Mimi nilichukua birika la chai. Hakuna aliyenipa ruhusa, lakini hakuna aliyeniuliza pia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza hukuwahi kunikubalia. Tangu siku ile ya kwanza maktabani, uliposomea watoto hadithi, na Furaha wangu akaninong'oneza kwamba huyu bibi kasahau kuvaa soksi mguu mmoja. Enzi hizo bado alikuwa anakisema Kiswahili, sasa anakisikia tu na kujibu Kiingereza. Ulisimamisha hadithi, ukamtazama, ukamwambia, "Sikusahau, mwanangu. Imeliwa na mashine ya kufulia." Kiswahili cha Tabora, safi, cha zamani. Nusura nidondoshe mkoba. Tulikuwa na miezi michache tu Birmingham, nimetoka Uvira nikapitia kambini Kigoma, na mtu wa kwanza kuongea nami kama binadamu mwenzake katika mji huu akawa Mwingereza wa soksi moja.

Na bado ulinitesa. Nikisema "niko nakuja" ulijishika kichwa. Nami nilikuambia Kiswahili chenu cha vitabuni kinahitaji kupewa chumvi. Hatukuelewana kwenye hilo mpaka mwisho, na sijabadili mawazo.

Maisha yako niliyapata kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe. Baba yako fundi wa vyuma kiwandani, nyumba ndogo Great Barr, watoto wawili, wewe na Arthur. Ukasoma, ukawa mwalimu, ukaenda Tabora ukiwa msichana. Uliniambia huko ndiko ulikoanza kuandika, kwa sababu vitabu vya shule vilijaa theluji na wanafunzi wako walikuwa wanasinzia. Ukawaandikia michezo mifupi ya kuigiza wenyewe, wakaacha kusinzia. Uliporudi Uingereza ukaandika mchezo wa watu wazima kuhusu fundi wa kiwandani anayekunywa pombe mpaka nyumba inamshinda. London wakaupenda, magazeti yakakusifu. Wa pili wakaunanga. Wa tatu, ulisema mwenyewe, walikuanika juani. Ndipo ukaandika kile kitabu cha kalunguyeye anayeng'oa miiba yake mwenyewe ili apate sindano za kuwafumia wenzake sweta. Watu wa magazeti hawakukisoma. Watoto walikisoma mpaka kurasa zikachomoka, na shuleni ninapogawa chakula cha mchana bado kinapigwa gundi kila mwaka.

Nilikuuliza kama hukuona uchungu kushuka kutoka kwa wakubwa kwenda kwa watoto. Uliniangalia kama nimetukana. "Kushuka wapi? Mtu mzima anapiga makofi kwa adabu. Mtoto akichoka anakuambia kwa miguu."

Hiyo miguu! Nilidhani ni maneno tu mpaka ulipoanza kutuletea michezo yako mipya kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya ibada. Watoto wetu wanaigiza mbele, wengine wanatazama, na wewe umegeuza kiti, mgongo kwa waigizaji, unatazama chini ya viti. Miguu ikianza kubembea unapiga mstari kwenye karatasi, maneno yale yamekufa. Hata kama ulihangaika nayo wiki nzima. Mama Riziki, mkubwa wa akina mama kanisani, aliniuliza kwa siri kama una ugonjwa wa shingo.

Macho yako yalipoanza kugoma nikawa nakusomea. Kisha nikaanza kubisha. Mtoto hawezi kusema hivi, nilikuambia. "Basi angesemaje?" Nikakuambia angesemaje. "Andika." Nikakataa, mimi mgawa chakula, nitaandika nini? "Andika hivyo ulivyosema, usijipambe." Hukuwahi kunisifu hata siku moja, Mama Hilda. Siku nilipofanya vizuri sana ulisema, "Hapo miguu imetulia," ukaomba biskuti.

Sasa tuje kwenye mchezo wa mwisho, ule wa basi. Dada na kaka wamenuniana, wamepanda basi moja Stratford Road, kila mmoja amekaa upande wake. Dereva anatangaza kwamba basi halisimami kituo chochote mpaka mmoja wao aseme neno kwa mwenzake. Abiria wanapandwa na wazimu. Kuna mama ambaye kuku wake wa barafu anayeyuka mapajani, kuna bwana harusi anayeliona kanisa lake likipita dirishani. Watoto walikuwa wanacheka mpaka wanaanguka. Lakini ukurasa wa mwisho uliandika tu, dada anamtazama kaka, kaka anamtazama dada. Hapo ukakwama. Nilikuuliza nani ataanza kusema. Ukanijibu, "Ningejua ningekuwa nalala vizuri." Nikadhani ni mikogo ya waandishi.

Ukaenda hospitali kwa ajili ya kifua, ukaniagiza niweke maziwa kwenye friji maana ungerudi kabla hayajaharibika. Hukurudi. Maziwa niliyamwaga mimi.

Arthur ndiye alinipigia simu. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu pale wodini, amekaa na koti lake, mnaongelea mvua na waridi. Sauti yake kwenye simu ilikuwa kavu kama ya mtu wa benki. Akanipa siku na saa ya mazishi. Nikawapelekea akina mama habari, na hapo ndipo palipotokea balaa.

Kwanza walisikia kwamba utachomwa. Mama Riziki alikaa chini. "Wanamchoma? Amefanya nini?" Nikaeleza kwamba ni wewe uliyetaka, ni desturi ya kwenu, siyo adhabu. Wakaja, wakasimama nyuma na vitenge vyao, wakaimba kidogo. Hatujamaliza ubeti wa pili mlango wa pembeni ukafunguliwa, familia nyingine inangoja zamu. Tukatolewa nje kama tumemaliza kununua mkate. Akina mama wakanitazama. "Bon. Matanga ni wapi?"

Nikasema Waingereza hawana matanga. Arthur amekaribisha watu nyumbani saa tisa hadi saa kumi na moja, kuna chai. Mama Riziki alisikia "nyumbani", mengine akayaacha. Ningemkataza vipi? Na mimi mwenyewe, nikuambie ukweli, nilitaka matanga. Nilitaka kulia kwa sauti mahali palipo na watu wangu, siyo kujifuta na tishu.

Kwa hiyo wakaja Moseley na masufuria. Sombe ya majani ya muhogo, makayabu, wale samaki wa chumvi, bugali umefungwa kwenye blanketi usipoe, mikeka, mito. Arthur alifungua mlango ameshika kitambaa cha vyombo. Alidhani kuna nyumba imeungua mtaani na hawa ni wahanga. Akauliza kwa upole sana kama tumeshapiga simu zimamoto. Nikamwambia hapana, ni marafiki wa Hilda. "Wote?" Ndiyo, wote. Akasogea, wakapita, wakapanga viatu kwenye ngazi mpaka juu. Ilipofika saa kumi na moja majirani zako wakachukua makoti yao, sisi tukatandika mikeka.

Usicheke. Au cheka, sasa unaruhusiwa.

Tulirudi kila mchana wiki ile yote. Siku ya kwanza Arthur alijificha jikoni. Siku ya pili akaanza kuulizia kile kitu cha majani ya kijani. Baadaye nikamkuta kwenye mkeka, magoti yamemshinda, anawaonyesha akina mama picha yako una meno mawili. Wao hawana Kiingereza cha kutosha, yeye hana Kiswahili hata kidogo, wanaelewana kwa vidole.

Siku ya kuondoa matanga ndiyo ninayotaka kukusimulia. Unajua desturi yetu, nilishakueleza. Siku hiyo haondoki mtu kabla haijasemwa mbele ya wote nani anashika kile alichokiacha marehemu. Kama ni watoto, nani mama yao. Kama ni shamba, nani analima. Mama Riziki akasimama, akakohoa, akamgeukia Arthur, na mimi mkalimani nikasimama katikati.

"Marehemu ameacha kazi haijaisha," akasema. "Watoto wetu walishajifunza mchezo ule, na mwisho haupo. Huyu Mama Furaha ndiye alikuwa mkono wake. Tuko tunaomba familia iseme hapa, mbele ya watu. Mmempa aumalize, ama hamkumpa?"

Hakuna aliyenionya. Nitamwambiaje mzungu aliyefiwa kwamba mimi, mgawa viazi, naomba kushika kalamu ya dada yake? Na nilikuwa nautaka mchezo ule, Mama Hilda. Niliutaka sana. Jumba la maigizo la mjini lilikuwa limeshauliza habari zake na walikuwa wanataja mwandishi wao wa kuja kuumalizia, mtu ambaye hajawahi hata kupanda basi letu. Sahihi ya kuruhusu ilikuwa ya Arthur, mrithi wako. Akisema hapana, ndiyo basi. Nikaogopa hiyo hapana, nikamgeukia nikamwambia kwa Kiingereza, "Anauliza kama utaongeza samaki."

Arthur akaweka mkono tumboni, akatikisa kichwa. Hapana, asante sana, imetosha.

Weee! Akina mama waliona kichwa kinatikisika. "Amekataa!" Mama Riziki akavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. Mmoja akaanza kufunika masufuria. Mwingine akasema hata salamu ya mwisho hampi dada yake. Arthur anageuka huku na huku, hajui samaki wake wamemkosea nani. Mimi natafuta pa kujificha. Ndipo Furaha, aliyekuwa kwenye ngazi na viatu vya watu, akasimama akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya shuleni, "Mama, Mama Riziki hajasema hivyo." Akamtafsiria Arthur yote. Neno kwa neno, mpaka kikohozi cha Mama Riziki karibu akitie. Mtoto ambaye nadhani hanisikilizi nikimwambia aoge!

Arthur akaniangalia mimi, siyo Furaha.

Akasema yeye hajui michezo yako. Ameona mmoja tu maishani mwake, ule wa kwanza, na alitoka wakati wa mapumziko. Kwa sababu yule fundi mlevi alikuwa baba yenu, na mama yenu alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha mbele na kofia yake mpya. Toka siku ile hakusema nawe. Wewe ulimpigia simu kila Krismasi, na kila Krismasi alimpa mke wake simu aongee. Mpaka mke akafariki, ndipo akaanza kuipokea, na bado mliongelea waridi tu.

Kisha akaniuliza, "Na huu wa basi, ni sisi tena?"

Mama Hilda, nilikukasirikia. Miaka yote ile ya chai, umenieleza habari za mabuibui ya Tabora, hukunieleza hili. Umenipa mchezo mkononi na umenificha unamhusu nani. Nilimjibu kwamba sijui, kwamba mimi nilijua ni watoto wawili tu kwenye basi. Akataka kuusikia. Nikausoma pale pale, mikekani, Furaha akinisaidia sauti za abiria. Kwenye kuku wa barafu Arthur alicheka. Kwenye ukurasa wa mwisho alinyoosha mkono kama anayedai kilichobaki. Nikasema hakuna, hapo ndipo alipoishia.

"Umalize," akasema. "Nitakuja kuutazama. Nikishautazama ndiyo nitajibu."

Furaha akatafsiri kwa akina mama, sikuaminiwa tena. Masufuria yakafunuliwa.

Kuumalizia kulinitoa jasho. Nilikuwa nakaa mezani nikitoka kazini, birika lako mbele yangu, naandika, nafuta. Nilijiuliza wewe ungefanyaje. Mwisho nikaona ni rahisi. Dada ndiye mkubwa, dada ndiye mwenye maneno, dada ndiye aliyemuumiza mwenzake. Basi dada aanze. Nikampa hotuba fupi, nzuri, inaliza. Watoto wakaisoma, nikageuza kiti kama wewe, miguu ikatulia. Nikajiona nimefika.

Arthur akaja Jumamosi, kwa kupanda mabasi mawili kutoka Great Barr, amevaa tai. Akakaa safu ya mbele. Mama wa kuku wa barafu alikuwa Furaha, na tulipofika kwake ukumbi ulipasuka. Binti akasema hotuba yake, kaka akamkumbatia, basi likasimama, makofi, vigelegele, wazazi wanapiga picha. Watu wakakimbilia chakula. Yeye akabaki kwenye kiti.

Nikaenda kukaa kando yake. Nilikuwa tayari na shukrani zangu.

"Sivyo," akasema.

Nikamuuliza kama ni hotuba, naweza kuifupisha. Akasema hotuba ni nzuri, lakini imewekwa mdomoni mwa mtu asiye mwenyewe. "Dada alishasema. Kila Krismasi alisema. Ni zamu ya yule mwingine." Akafuta miwani kwa ncha ya tai. "Ukibadilisha hapo nitatia sahihi. Usipobadilisha, watu wa mjini wasiuone."

Nikatoa kalamu. Nikamuuliza, sasa yule kaka aseme nini? Akaanza, akaacha. Akaanza tena. Akaniambia hilo neno kwa Kiingereza amekuwa nalo mdomoni maisha yake yote na halikumtoka hata pale wodini, umelala mbele yake, kwa hiyo anaona Kiingereza hakitamfaa. Akaniuliza wewe ungelisemaje, kwa ile lugha uliyokuwa unaongea nasi.

Nikamwambia. Akalirudia polepole, kwa ule mdomo wa Great Barr, akakosea, nikamrekebisha, akalirudia tena. Mara ya mwisho hakuwa ananitazama mimi. Watoto walikuwa wanagombania soda nyuma yetu, hakuna aliyesikia isipokuwa mimi.

Ametia sahihi. Mchezo unaonyeshwa mjini kabla ya sikukuu, na watoto wetu, na jina langu limewekwa chini ya lako kwa herufi ndogo, ninavyotaka. Wale wa jumba la maigizo wameomba neno la kaka ligeuzwe Kiingereza ili watu wote waelewe. Nimewakatalia. Nakuahidi, mimi nikiwa hai hakuna atakayeligusa.

Nimekukumbuka sana, mzee wangu. Nilikasirika, imepita. Pumzika sasa, usihangaike na mwisho, umepatikana. Na kwa kuwa hukuwepo kusikia, nakuandikia hapa kama alivyolisema yeye, kwa sauti yake, kabla ya mtoto yeyote kulisema jukwaani:

"Nisamehe, dada."

Wako,
Mama Furaha